Unacheza Namba Ngapi? Hoja ya Kumtetea Kiraka

Jumamosi mbili zilizopita nilikuwa nyumbani Babati, nimesimama kando ya kiwanja cha shule moja ya msingi, vumbi likipeperushwa na upepo unaoshuka kutoka Mlima Kwaraa. Vijana wapatao arobaini walikuwa wamejitokeza kujaribiwa na kituo kimoja cha kukuza vipaji kilichotoka nje ya mkoa wetu. Miongoni mwao alikuwa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, mwenye umri wa miaka 14.

Mwalimu aliyeshika daftari aliwapanga mstari akawauliza swali moja tu: "Unacheza namba ngapi?" Wa kwanza akajibu tisa. Wa pili akajibu kumi. Zamu ya mpwa wangu ilipofika, alisema: "Namba mbili, mwalimu. Ila tano nacheza, na sita pia. Utakaponipanga nitacheza."

Yule bwana alimtazama kuanzia miguuni hadi utosini, safari fupi kwa sababu kijana mwenyewe ni mfupi. "Tano kwa kimo hicho?" akasema. "Mwanangu, asiye na namba hana nafasi. Kaa pale pembeni." Alipewa dakika kumi za mwisho, akapangwa winga ya kushoto, na jina lake halikusomwa. Tukiwa kwenye bajaji kurudi nyumbani aliniuliza: "Mjomba, ningesema namba moja tu, wangenichukua?"

Mimi hulipwa mshahara kwa kazi ya kujibu maswali ya vijana, lakini siku ile sikuwa na jibu. Makala haya ndiyo jibu langu, na ninaliandika hadharani kwa kuwa naamini swali lake si lake peke yake.

Ndugu msomaji, lugha yetu ya soka ina neno kwa mchezaji wa aina ya mpwa wangu. Tunamwita kiraka. Neno hili lina sifa na kejeli kwa pamoja. Ni sifa kwa kuwa kiraka huokoa nguo isitupwe. Ni kejeli kwa kuwa hakuna mtu anayekwenda dukani kununua kiraka. Hukumbukwa nguo inapochanika, na ikipatikana nguo mpya husahaulika pamoja na nguo kuukuu. Ndivyo tunavyowatendea wachezaji hawa. Beki wa kulia akiumia, aitwe kiraka. Kiungo mkabaji akifungiwa kwa kadi, aitwe kiraka. Wote wakirudi, kiraka arudi benchi.

Hoja yangu leo ni kwamba tumekosea kumwona mchezaji huyu kama suluhisho la dharura. Katika soka la sasa, hususan kwa taifa ambalo halijaliwa mabeki wengi wenye vimo vya minara, beki anayemudu kazi mbili au tatu ndiyo silaha yetu bora dhidi ya washambuliaji wenye miili mikubwa. Anapaswa kuandaliwa tangu utotoni. Kuokotwa siku ya shida hakutoshi.

Tuanze na ushahidi wa nyumbani. Tarehe 27 Juni 2019, jijini Cairo, Taifa Stars ilicheza na Harambee Stars ya Kenya katika fainali za Mataifa ya Afrika, fainali zetu za kwanza tangu mwaka 1980. Tuliongoza mara mbili, kwanza kwa bao la Simon Msuva, kisha kwa bao la Mbwana Samatta. Tukapoteza kwa mabao 3 kwa 2. Mawili kati ya mabao ya Kenya yalifungwa na Michael Olunga, mshambuliaji mrefu na mwenye nguvu, ambaye mabeki wetu walihangaika naye usiku kucha. Lakini lile la kusawazisha mara ya pili lilitokana na kona, na aliyepiga kichwa alikuwa Johanna Omolo, kiungo. Hapo pana somo. Mtu mkubwa hakudhuru kwa mabao aliyoyafunga mwenyewe tu. Hudhuru pia kwa macho anayoyavuta. Mabeki wawili wakimkodolea yeye, wa tatu hupita nyuma yao.

Miaka minne na nusu baadaye, tarehe 21 Januari 2024, mjini San-Pédro nchini Côte d'Ivoire, tulikuwa mbele kwa bao la Msuva dhidi ya Zambia iliyobaki na wachezaji kumi uwanjani tangu kabla ya mapumziko. Zilikuwa zimebaki dakika chache tuandike ushindi wetu wa kwanza katika historia ya fainali hizo. Dakika ya 88 ikaja kona ya Clatous Chama, na Patson Daka akaweka kichwa wavuni. Mchezo ukaisha bao 1 kwa 1. Daka si jitu. Kilichotuponza kilikuwa mpangilio wa watu ndani ya boksi kuliko upungufu wa sentimita.

Baada ya kila tukio la namna hii, mjadala wa vijiweni na wa redioni huwa mmoja: "Tutafute mabeki warefu." Sikatai kwamba urefu ni mtaji. Ninachokataa ni imani kwamba urefu ni jibu. Mshambuliaji mkubwa aliyefundishwa vizuri hasimami mahali pamoja akisubiri kukutana na beki mkubwa mwenzake. Atajitenga na namba nne na namba tano wako, atakwenda kusimama kwenye nguzo ya mbali, uso kwa uso na namba mbili au namba tatu, ambao kwa desturi yetu ndio wafupi. Krosi itapigwa kule. Au atashuka hadi katikati ya uwanja, aukinge mpira kwa mgongo, amvute yule beki wako mrefu atoke kwenye ngome yake, na kwenye pengo analoliacha apite winga mwenye mbio. Beki mrefu asiyejua kazi nyingine atakuwa amebaki na hiari mbili, zote mbaya: amfuate aache tundu, au abaki amwache mtu huru.

Kiraka anaingia hapo. Kiungo mkabaji, namba sita, ambaye pia ni beki wa kati, anaweza kushuka katikati ya nne na tano pale hatari ya mipira ya juu inapozidi, na safu ya watu wanne ikawa ya watu watano bila mwamuzi kusimamisha mchezo. Mmoja anakwenda kuugombea mpira, wawili wanabaki nyuma yake kulinda kinachodondoka. Namba mbili aliyewahi kucheza tano anajua kuingia ndani na kuilinda nguzo ya mbali, na anajua amsogelee mshambuliaji lini kabla hajapata nafasi ya kuruka. Mpira ukienda kwa wenzake, namba sita anarudi zake katikati. Tukumbuke kwamba katika mashindano mengi ya sasa kocha anaruhusiwa kubadilisha wachezaji 5, tena kwa kusimamisha mchezo mara 3 tu ukiacha mapumziko. Timu yenye viraka wawili walioiva inabadilika mara kumi ndani ya kipindi kimoja pasipo kutumia hata nafasi moja kati ya hizo.

Aidha, beki mfupi si lazima ashindwe na mrefu. Mwalimu mmoja wa soka niliyesoma naye sekondari alikuwa akituambia kwamba mpira wa kichwa huanzia miguuni mwa mpiga krosi. Ukimzuia mpigaji, umeshinda bila kuruka. Ukishindwa kumzuia, simama mbele ya mshambuliaji badala ya nyuma yake, upate kuugusa mpira kabla haujamfikia. Ukishindwa hilo pia, ruka naye hata kama hutaufikia mpira, ili naye asiupige kwa raha, na mwenzako awe tayari kwa mpira wa pili. Haya yote ni maarifa, na maarifa hufundishika. Urefu haufundishiki.

Tatizo hili halituhusu sisi peke yetu. Nilipokuwa masomoni Marekani, wenzangu wa bweni walinizoesha kutazama mpira wao, ule unaochezwa kwa mikono zaidi ya miguu. Upande wa ushambuliaji kuna mchezaji aitwaye taiti-endi. Huyu hupangwa mwishoni mwa ukuta wa majitu, kazi yake ya kwanza ikiwa ni kusukumana nao. Kisha ghafla huchomoka na kukimbia kuupokea mpira. Rob Gronkowski wa New England Patriots alikuwa na urefu unaokaribia mita 2 na uzito wa kilo 120 hivi. Makocha wa timu pinzani walikuwa na shida niliyoieleza hapo juu. Wakimwekea mlinzi mzito, anaachwa kwa mbio. Wakimwekea mlinzi mwepesi, anasukumwa kama pazia.

Jibu walilolipata lilikuwa ni kuzaa mlinzi wa aina mpya, mwenye miguu ya walinzi wa nyuma na mabega ya walinzi wa mbele, anayeweza kuanza mchezo mmoja akiwa nyuma kabisa na mchezo unaofuata akiwa puani mwa adui. Derwin James wa Chargers ni mmoja wao. Kyle Hamilton, aliyechukuliwa na Baltimore Ravens mwaka 2022, ni mwingine. Wenzetu hawamwiti mtu huyu kiraka. Wanampanga kwanza, kisha wanawazungushia wengine. Thamani yake iko katika fumbo analomwachia mpinzani, ambaye anamwona amesimama pale lakini hajui amekuja kufanya nini.

Sisi tumewahi kuwa na watu wa namna hiyo, ila hatukuwasoma vizuri. Erasto Nyoni ndiye mfano mkuu. Mwezi Juni 2007, akiwa kijana mdogo, alifunga bao pekee lililoipa Taifa Stars ushindi ugenini dhidi ya Burkina Faso. Machi 2019, karibu miaka kumi na miwili baadaye, alifunga penalti katika ushindi wa mabao 3 kwa 0 dhidi ya Uganda, ushindi uliotupeleka Misri. Katikati ya tarehe hizo mbili alicheza beki ya kushoto, beki ya kulia, beki ya kati na kiungo mkabaji, kwa klabu na kwa taifa. Makocha walikuja na kuondoka, wazawa kwa wageni, na karibu kila mmoja alimhitaji. Magazeti yakamwita kiraka. Mimi ningemwita mkufunzi, kwa kuwa maisha yake ya uwanjani ni mtaala kamili ambao hakuna aliyeuandika.

Shomari Kapombe naye amepita njia hiyo, kutoka kiungo na beki ya kati hadi kuwa beki wa kulia wa kutegemewa. Mwezi Agosti 2025, katika michuano ya CHAN iliyofanyika kwetu pamoja na Kenya na Uganda, ni yeye beki aliyefunga bao pekee dhidi ya Mauritania dakika za mwisho. Na Dickson Job wa Yanga ni mfupi kwa kipimo cha beki wa kati wa kimataifa, kipimo kile kile kilichomkalisha mpwa wangu pembeni. Hata hivyo yumo katika kizazi cha Yanga kilichofika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023, akisimama na wenzake warefu kina Bakari Mwamnyeto na Ibrahim Hamad "Bacca", na akitakiwa kwenda kulia huenda. Kama yule bwana mwenye daftari angekuwa ndiye aliyemjaribu Job utotoni, leo tungekuwa tunamjua?

Najua pingamizi litakalotolewa. Wahenga walisema mshika mbili, moja humponyoka. Na hapa hapa Babati tuliushuhudia ukweli wa methali hiyo. Tangu msimu wa 2024/25 Fountain Gate ilipoanza kuutumia Uwanja wa Tanzanite Kwaraa, mji wetu umepata bahati ya kuziona timu kubwa kwa macho badala ya kuzisikia. Tarehe 6 Februari 2025 Simba walikuja, wakatangulia kwa bao moja. Kisha winga wao kijana, akiwa amerudi kusaidia ulinzi, akarudisha pasi ndefu kwa kipa wake, na mpira ukapita hadi wavuni. Mchezo ukaisha 1 kwa 1. Jina lake silitaji, kwa kuwa alitajwa vya kutosha na watu ambao hawajawahi kukimbia hata mita mia.

Lakini tukio lile linathibitisha hoja yangu kuliko kuipinga. Kuna tofauti kubwa kati ya mtu aliyefundishwa kazi mbili na mtu aliyejikuta ndani ya kazi ya pili. Wa kwanza ni kiraka kwa maandalizi. Wa pili ni kiraka kwa upungufu. Soka letu limejaa wa aina ya pili, kisha tunawalaumu kwa kutokuwa wa aina ya kwanza. Methali ya mshika mbili humhusu aliyezishika ghafla. Aliyezishika tangu utotoni ana methali yake: samaki mkunje angali mbichi.

Hapa niruhusu, msomaji wangu, nitoke nje ya mistari ya uwanja kidogo, maana ugonjwa huu haukuanzia kwenye soka. Nenda katika shule nyingi za vijijini utamkuta mwalimu aliyesomea Kiswahili na Historia anafundisha Hisabati kwa sababu shule haina mwalimu wa Hisabati. Ni kiraka kwa upungufu. Watoto wakifeli, analaumiwa yeye. Wakati huo huo, mtu aliyejiandaa kwa makusudi kuvuka mipaka ya fani mbili hupokewa kwa mashaka. Nilipoandika tasnifu yangu ya uzamivu kati ya historia na sayansi ya siasa, niliwahi kuambiwa na jopo moja la usaili wa kazi kwamba hawajui wanipeleke idara gani. Maneno yalikuwa ya kisomi zaidi, ila maana yake ilikuwa ile ile: unacheza namba ngapi? Tunamtwisha mzigo wa kazi nyingi yule asiyeandaliwa, na tunamfungia mlango yule aliyejiandaa. Taifa linalofanya hivyo linajinyima mara mbili.

Turudi uwanjani, na niseme ninachopendekeza. Kwanza, katika michezo ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA, walimu wasimpe mtoto namba ya kudumu kabla hajatimiza miaka 15. Kila mtoto acheze walau nafasi tatu kwa mwaka, moja kati yake ikiwa ya ulinzi. Hili halihitaji bajeti. Linahitaji mwalimu akubali kupoteza mechi mbili tatu za mwanzo wa muhula. Pili, wanaojaribu vipaji wabadilishe swali. Badala ya kuuliza namba, wampange kijana mbele ya mshambuliaji anayemzidi kichwa kizima, wapige krosi kumi, kisha watazame anafikiri nini. Tatu, klabu zikubali kumlipa kiraka kama mchezaji wa kikosi cha kwanza. Ilivyo sasa, kijana mwenye akili anaficha uwezo wake wa pili ili asije akaishia benchi. Uongo ambao mpwa wangu alitamani kuusema ndiyo ushauri ambao soko linautoa kila siku.

Muda hautusubiri. Mwezi Desemba 2025 Taifa Stars ilikwenda Morocco kwa fainali nyingine za Afrika, na kundini mwetu walikuwamo Nigeria, Tunisia na Uganda. Nigeria wana Victor Osimhen, aliyeongoza kwa mabao katika ligi ya Italia msimu wa 2022/23, akafunga 26 na kuipa Napoli ubingwa. Huyu huruka, husukumana, hukimbia, na hachagui beki wa kumwonea. Hatuwezi kuota mabeki warefu kwa usiku mmoja. Tunaweza kuwapanga tulionao kwa namna ambayo hatamjua nani amekuja kumkaba na nani amekuja kumvizia. Na miaka kumi ijayo, tukitaka, tunaweza kuwa na kizazi kizima kilicholelewa hivyo, kuanzia kwenye viwanja vya vumbi kama vile vya Babati.

Nimemjibu mpwa wangu kwa simu juzi jioni. Nilimwambia kwamba ndiyo, huenda wangemchukua kama angetaja namba moja. Na nikamwambia asiitaje. Akanyamaza, kisha akasema kesho yake wana mechi na watoto wa kata jirani, na kwamba golikipa wao ana malaria.

"Kwa hiyo utakaa wapi?" nikamuuliza.

"Golini, mjomba," akasema. "Ila nitakuwa naanzisha mipira kwa mguu."